Pikipiki ya zamani haina kosa, tazameni ekzosi yake

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua za wasomaji. Wiki mbili zilizopita msomaji mwenzangu, mkazi wa Makole hapa Dodoma, aliandika akitaka pikipiki zote za zamani zizuiwe kuingia katikati ya jiji kwa sababu zina kelele, zinaamsha watoto na kusumbua wagonjwa. Kuhusu kelele tuko pamoja, tena namshukuru kwa kulisema. Kuhusu pikipiki za zamani amekosea, na kosa lake likifuatwa tutazipoteza mashine chache zilizobaki huku kelele zikibaki palepale, maana anayezisababisha hatakuwa ameguswa.

Mimi ni bwana mifugo mstaafu. Nilizaliwa Handali mwaka 1958, nikahudumia ng'ombe na mbuzi wa Mpwapwa, Kongwa na Bahi mpaka nilipostaafu 2018, na sasa naishi Chang'ombe. Ninazo pikipiki mbili, zote zinatembea. Moja ni Honda CG125 niliyoinunua mwenyewe. Nyingine ni BSA Bantam D7 aliyoniachia baba, na hiyo ndiyo iliyonifanya nishike kalamu.

Baba alikuwa mwinjilisti. Aliinunua 1964 kwa Mzungu aliyekuwa anarudi kwao Uingereza. Bantam ni kuku wa umbo dogo, na kwenye tangi kulikuwa na picha ya jogoo, basi baba akaiita Jogoo na Handali nzima ikaijua kwa jina hilo. Jioni alipokuwa akirudi kutoka Mvumi tuliisikia ikishuka kwenye korongo, sauti nyembamba, kavu, ya kufuatana kama mtu anayetwanga kwa haraka. Mama akiisikia tu aliinjika sufuria ya ugali wa uwele. Baba alipomaliza kujipangusa vumbi na kusalimiwa, ugali na mlenda vilikuwa vimeshafika mkekani. Mdogo wangu aliyebebwa mgongoni hakuwahi kushtuka usingizini kwa ajili ya Jogoo. Namwomba ndugu yangu wa Makole alifikirie hilo. Pikipiki ya aina ileile anayotaka izuiwe ilikuwa ikipita kijijini usiku, mahali ambapo hata mtu akikohoa nyumba ya tatu unamsikia, na hakuna aliyelalamika.

Kiwanda cha BSA kule Birmingham kiliacha kutengeneza Bantam mwaka 1971, na muda si mrefu kampuni yenyewe ikaanguka. Kwa hiyo sailensa halisi ya Jogoo, ile sehemu ya ekzosi inayopunguza sauti, haijatoka kiwandani kwa zaidi ya miaka 50. Ikioza, mwenye pikipiki ana njia chache: aagize ya kuigiza kutoka nje, atengenezewe hapa, au afungiwe chochote kinachoingia. Hiyo ya tatu ndiyo inayotuletea kelele. Najua, kwa sababu na mimi nilipita hukohuko.

Mwaka 2019 sailensa ya baba ilitoboka kwa chini, nikaipeleka kwa fundi wa kuchomelea, kijana mwenye mikono mizuri kabisa. Akaigonga kwa kidole, akasema, "Mzee, hii ya kizamani inabana. Tuiwekee bomba la wazi, ikipumua itakimbia." Nikamwambia sawa mwanangu. Akakata, akafunga bomba jipya lenye mdomo uliopanuka kama tarumbeta. Nilipopiga kiki, mbwa wa jirani alianza kubweka na hakunyamaza mpaka nilipozima. Nikatoka nayo, na kweli niliona kama inakimbia. Sauti kubwa humdanganya mpandaji. Unaisikia nguvu ambayo haipo.

Nina mteremko wangu wa kupimia, ile njia ya kupandia Chimwaga. Tangu zamani nina alama zangu mbili pale, mti na jiwe, na nina saa ya mkononi. Jogoo kwa sailensa ya baba, hata ikiwa imetoboka, ilikuwa inapanda kutoka alama hadi alama kwa sekunde 55, gia ya tatu bila kushusha. Kwa bomba la wazi ilifika katikati ikazama, nikalazimika kurudi gia ya pili, nikamaliza kwa sekunde 63. Nikarudia asubuhi tatu. Haikubadilika. Nilikuwa nimelipa fedha kununua kelele, na nguvu nimeitoa bure.

Naomba nieleze kwa nini, kwa sababu vijana wetu wengi wa vijiweni wanaamini neno lilelile la fundi wangu, kwamba ekzosi ni kizuizi tu na ukikiondoa injini inapata uhuru.

Moshi hautoki kwenye injini kama maji kwenye mpira wa bustani. Unatoka kwa mapigo, moja baada ya jingine, na kila pigo ni wimbi. Wimbi likifika mahali bomba linapopanuka au linapoishia kwenye hewa, sehemu yake inageuka na kurudi kwenye injini kama mvuto, yaani inanyonya. Likifika mahali bomba linapobana, sehemu yake inarudi kama msukumo. Ndani ya moshi wa moto wimbi hilo linasafiri kwa kasi ya takriban mita 500 kwa sekunde. Injini inayozunguka mara 6,000 kwa dakika inamaliza mzunguko mmoja kwa sehemu moja ya mia ya sekunde, na katika muda huo wimbi limekwenda mita 5. Bomba la pikipiki halifiki hata mita 2. Kwa hiyo wimbi linakwenda na kurudi wakati injini bado iko kwenye kazi ileile, na linaweza kuikuta pazuri au pabaya. Urefu wa bomba, unene wake na mahali sailensa inapoanzia ndivyo vinavyoamua linaikuta wapi. Watu husema injini inahitaji moshi ubanwe kidogo. Haihitaji kubanwa. Inahitaji wimbi lirudi kwa wakati wake.

Kwa injini ya mipigo miwili kama Jogoo jambo hili ni kubwa zaidi, kwa sababu haina valvu. Kuna matundu kwenye ukuta wa silinda, na pistoni ndiyo inayoyafungua na kuyafunga. Kuna kitambo kidogo ambapo tundu la moshi na lile la mafuta mapya yote yako wazi pamoja. Usipokuwa na kitu cha kuyarudisha, mafuta mapya yanatoka nje pamoja na moshi kabla hayajaungua. Umelipia petroli Chang'ombe, ukaimwaga Chimwaga.

Hili nililiona mara ya kwanza Mpwapwa, miaka ya themanini, kwenye Yamaha DT175 ya kazini. Wanaoijua wanakumbuka ekzosi yake ilivyokuwa: inaanza nyembamba, inavimba katikati kama ina mimba, halafu inakonda tena ghafla na kuishia kwenye kibomba kidogo. Siku moja ile mimba ilipasuka, na fundi aliyeitwa kuishughulikia akaona haina maana, akaikata, akaunga bomba moja kwa moja. Kuanzia siku hiyo pikipiki ilikataa kupanda Kiboriani. Mabonde ilikwenda, tena kwa mlio wa kutisha, lakini mlimani nilishuka nikaisukuma na sanduku la chanjo likiwa nyuma. Nilihangaika na kabureta mwezi mzima. Kabureta haikuwa na kosa.

Ile mimba ilikuwa na historia yake. Walter Kaaden, mhandisi wa kiwanda cha MZ huko Zschopau, Ujerumani Mashariki, ndiye aliyeikamilisha miaka ya hamsini kwenye pikipiki za mbio. Aliipanga ile sehemu inayopanuka ivute moshi na kuleta mafuta mapya, na ile inayokonda iyasukume mafuta yaliyopitiliza yarudi ndani ya silinda kabla pistoni haijafunga tundu. Mwaka 1961 mpanda pikipiki wake, Ernst Degner, alitoroka baada ya mashindano ya Sweden na kwenda na ujuzi huo Suzuki, Japani. Mwaka uliofuata Suzuki na Degner wakachukua ubingwa wa dunia wa cc 50. Watu waliacha nchi yao kwa ajili ya umbo la bomba, nasi tunalikata kwa msumeno kwa sababu limevimba.

Jogoo haina mimba ya namna hiyo, ina bomba na sailensa ya duara tu, lakini kanuni ni ileile kwa kiasi chake. Nilipogundua hivyo nilimrudia fundi wangu, safari hii na vipimo.

Naviandika hapa ili mwenye pikipiki ya zamani aende navyo gereji, asiende mikono mitupu kama nilivyokwenda mimi. Bomba linalotoka kwenye injini lisibadilishwe unene wala urefu, hata kama linaonekana baya. Lililooza liigwe lilivyo. Sailensa yenyewe iwe na nafasi ya kutosha ndani. Mimi huchukua ujazo usiopungua mara 10 ya ujazo wa silinda, yaani injini ya cc 125 naitafutia sailensa ya lita 1 na robo au zaidi. Unaweza kuipima kwa kuziba upande mmoja na kumimina maji kwa chupa. Ikiwa ndogo kuliko hapo, utahangaika kuinyamazisha na utaishia kuibana.

Utumbo wake ndio wenye maneno. Kuna aina mbili. Ya kwanza ina vyumba vilivyotengwa kwa sahani za bati, moshi unaingia chumba hiki, unageuka, unatokea kile, na mawimbi yanauana yenyewe kwa yenyewe. Ya pili ina bomba moja lililonyooka lenye matundu mengi, limezungushiwa pamba ya kioo au ya chuma inayoimeza sauti. Ya vyumba hudumu na inaua vizuri mlio mzito. Ya pamba ni rahisi kutengeneza mtaani na inaua vizuri mlio mkali, ule unaochoma sikio, lakini kwenye injini ya mipigo miwili pamba inalowa oili na kuganda, na baada ya muda ni sawa na kutokuwa nayo. Kwa hiyo Honda naiwekea ya pamba ikibidi. Jogoo siiwekei.

Ukitoboa matundu, yahesabu. Jumla ya uwazi wake isipungue uwazi wa bomba lenyewe. Bomba langu lina milimita 28 kwa ndani, na tundu moja la milimita 4 ni sehemu moja ya 49 ya uwazi huo. Basi matundu 49 ndiyo kima cha chini. Fundi wangu alikuwa ametoboa kumi na mawili kwenye sailensa ya mteja mwingine, pikipiki ikawa inachemka na wote wakailaumu injini. Tuliketi naye kwenye benchi tukahesabu, na tangu hapo ana kalipa yake mfukoni, kile kifaa cha kupimia milimita. Sijui mafundi wangapi wa Dodoma wangefanya kazi nzuri kama yake endapo mteja angefika na kipimo badala ya kufika na haraka.

Jambo jingine ambalo watu wa kwetu hawaliamini: sailensa huoza kwa maji, hata hapa Dodoma kwenye ukame. Lita 1 ya petroli ikiungua hutoa takriban lita 1 ya maji, yakiwa mvuke. Ukienda safari ndefu mvuke unatoka wote. Ukienda sokoni Sabasaba na kurudi, bati halijapata moto wa kutosha, mvuke unageuka maji ndani na kukaa chini kabisa. Toboa kitundu cha milimita 3 mahali pa chini kuliko pote, maji yatajitoa, na sailensa itaongeza miaka. Kelele ya kitundu hicho hutaisikia.

Na usiivute ekzosi kwa bolti. Kama haikai mahali pake yenyewe, usiilazimishe kwa spana, maana mtikisiko utaipasua kwenye kiungio ndani ya wiki. Weka raba kwenye kishikizo cha nyuma.

Kwa wenye Bantam na ndugu zake, kabla ya kununua chochote safisheni mliyo nayo. Baba alichanganya oili sehemu 1 kwa petroli sehemu 20, na oili za zamani zilikuwa chafu. Masizi yalijaa ndani mpaka njia ikawa kama ya sindano. Siku hizi natumia oili ya mipigo miwili, 1 kwa 32, na masizi yamepungua. Yaliyoganda nayatoa kwa kostiki soda, ileile wanayotengenezea sabuni. Naziba upande mmoja, naweka nusu kilo kwenye lita 5 za maji, soda ndiyo inayowekwa kwenye maji wala si maji kwenye soda, kwa sababu inachemka na kuruka. Naimimina ndani na kuiacha usiku kucha mbali na watoto na kuku. Vaeni glovu na miwani. Na isiguse aluminiamu, inaila.

Sasa kuioanisha na injini, maana sailensa nzuri ikifungwa vibaya ni hasara vilevile. Honda yangu ndiyo iliyonifundisha hili. CG125 ilianza kuuzwa 1976, injini yake ina fito za kusukuma valvu, haina mambo mengi, na pikipiki nyingi za Kichina tunazozipanda leo kwenye bodaboda zina injini ya ukoo huohuo. Niliwahi kuifungia ekzosi ya mbio niliyouziwa mjini. Tundu za bolti zilikubali, nikaona imekuwa yake. Baada ya hapo kila nikiachia resi ilipiga baruti, bomba likageuka rangi ya bluu karibu na injini, na kabla ya miezi mitatu valvu ya moshi iliungua. Ekzosi ile ilikuwa inapitisha hewa nyingi kuliko kabureta ilivyopangiwa, kwa hiyo injini ilikuwa inaungua kwa mafuta kidogo na joto kubwa. Hakuna aliyeniambia kwamba ukibadilisha ekzosi unatakiwa uiangalie na jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopimia injini mafuta.

Ninavyofanya sasa ni hivi. Kwanza nahakikisha kiungio cha bomba na injini hakivuji, kwa sababu hewa ikiingia hapo inapiga baruti hata kama kila kitu kingine ni sawa. Alama ya masizi pembeni ya kiungio inatosha kukuambia. Gaskiti ya shaba ya zamani siitupi, naichoma mpaka iwe nyekundu, naitumbukiza kwenye maji, inalainika na kuziba upya. Halafu natoka alfajiri barabara ya Hombolo kabla ya malori, injini ikiwa imepata moto, naipeleka gia ya juu kwa resi yote kwa kitambo, nakamata klachi na kuzima injini kwa mara moja, nasimama pembeni na kufungua plagi. Ikiwa na rangi ya chai ya maziwa, naenda kunywa chai. Ikiwa nyeupe kama jivu, mafuta ni kidogo, naongeza jeti namba moja. Ikiwa nyeusi ya masizi makavu, napunguza. Namba moja kwa wakati mmoja, na kila mara naandika kwenye daftari.

Hapa wenzangu wa Dodoma wakumbuke tulipo. Jiji letu liko takriban mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa yetu ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa karibu sehemu moja ya kumi. Pikipiki iliyopangwa kabureta Dar ikifika hapa inazidiwa mafuta, inatoa moshi mweusi na kuzama, na mwenye nayo anasema sailensa imeziba. Ndipo inapotobolewa bure. Ile iliyopangwa hapa ikishuka pwani inakuwa na mafuta kidogo, na huko ndiko injini inakoungulia. Mwanangu alipoipeleka Honda Dar nilimpa jeti kubwa zaidi kwenye karatasi na kumwambia aibadilishe akifika Morogoro.

Mwisho napima sauti. Binti yangu ana programu ya desibeli kwenye simu. Haina uhakika wa chombo cha maabara, lakini inafaa kulinganisha kabla na baada. Simu naiweka nusu mita kutoka mdomo wa ekzosi, kwa pembeni pembe ya nyuzi 45, kama wanavyoweka wapimaji wa magari, injini ikienda mwendo uleule kila mara. Kati ya bomba la wazi na sailensa tuliyoitengeneza na kijana yule, tofauti ilikuwa desibeli 11. Desibeli 10 tu ni nishati ya sauti mara 10, na sikio linaisikia kama mara mbili hivi. Na Chimwaga? Sekunde 56. Sekunde 1 tu nyuma ya sailensa ya baba, nayo nadhani naijua ilipo.

Mhariri, sijasema haya kwa ajili ya majirani peke yao. Sikio langu la kulia lina mluzi usiokoma tangu miaka ya ile DT iliyokatwa. Usiku kukiwa kimya ndipo unapozidi. Taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, NIOSH, inashauri mtu asizidishe saa 8 kwenye desibeli 85, na kila zikiongezeka 3 muda unakatwa nusu: 88 ni saa 4, 94 ni saa 1, 100 ni dakika 15. Kijana wa bodaboda anaanza saa kumi na mbili asubuhi na kumaliza saa tatu usiku. Anapoitoa ekzosi utumbo ili abiria wamsikie anakuja, masikio ya kwanza kuumia ni yake, na hayo hayana spea. Vijana hao huja kwangu wakiuliza mabomba ya zamani kwa sababu wamesikia yana mlio. Nawakaribisha, nawaonyesha Jogoo ikiunguruma, nao wanashangaa kwamba tunaweza kuongea bila kupaza sauti.

Kwa hiyo ombi langu kwa wenye mamlaka si kubwa. Tunayo Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 na kanuni za kelele na mitetemo za 2015 zilizotungwa chini yake. Ipimwe sauti, usiangaliwe mwaka wa kutengenezwa. Pikipiki ya mwezi uliopita iliyotolewa utumbo izuiwe, na ya 1964 iliyo kimya ipite. Na ndugu zetu wa VETA hapa Dodoma, ambao vijana wao wanajua kuchomelea kuliko mimi, ningefurahi kuona somo la ekzosi likipewa hata wiki moja, la kupima, kuhesabu matundu na kusoma plagi.

Na kwa wenye nyumba zenye stoo: wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita mitaani na mizani, na kila wiki naona sailensa za zamani zikilazwa humo pamoja na masufuria yaliyotoboka. Mwezi uliopita nilikuta ya CG125, halisi, nzima, nikainunua kwa bei ya kilo. Aliyeiuza alidhani ni takataka. Kabla hujaipeleka kwenye mizani, muulize fundi yeyote mwenye umri.

Nilisema sekunde 1 ile naijua ilipo. Sailensa ya baba ilipokatwa mwaka 2019, utumbo wake ulitupwa kabla sijaupima. Ile ya D7 inafunguka nyuma na utumbo unatoka wote kwa pamoja. Niliiga kwa kumbukumbu ya macho tu, na nafasi kati ya sahani na sahani siikumbuki sawasawa. Kama kuna msomaji, Dodoma, Mpwapwa, Kondoa au kokote, aliyebakiwa na sailensa ya BSA Bantam D7, hata iliyooza, hata nusu yake, namwomba aniruhusu niione. Sitaki kuichukua. Nataka kuipima kwa kalipa na kuichora kwenye daftari, na nitairudisha siku hiyohiyo. Na mkazi mwenzangu wa Makole, kama yuko tayari, aniandikie kupitia kwako ni Jumamosi gani yuko nyumbani, nimpitie na Jogoo jioni, saa ambayo watoto wamelala.

Wako,
Bwana mifugo mstaafu,
Chang'ombe, Dodoma